Karakana ya Meku: Dalali ameniletea mashine ya mihimili mitano

SWALI: Shikamoo Meku. Nina karakana ndogo Njiro, Arusha, na mashine moja ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya mihimili mitatu (njia tatu za kutembea) ninayochongea vipuri vya vinu vya unga na mitambo ya kahawa. Dalali ameniletea picha za mashine ya mihimili mitano, ile ya kulala, imetengenezwa Japani, ina miaka 11 na iko ghalani Ulaya. Spindeli, ile shina inayoshika na kuzungusha kikata, inafika mizunguko 18,000 kwa dakika, kilowati 40, paleti mbili. Anasema ilikuwa ikichonga vipuri vya ndege vya alumini na vya titani, na kwamba kwa kuwa tuna KIA na uwanja wa Kisongo, na Morogoro wanaunganisha ndege ndogo, kazi haitakosekana. Benki wako tayari kunikopesha nikiweka hati ya nyumba ya marehemu baba. Nitaipimaje kabla sijasaini?
Msomaji wa Njiro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo hati ya nyumba ndiyo imenifanya nikujibu kwa kirefu. Wengine walioniandikia mwezi huu wanisamehe.

Kabla sijarudi Moshi nilifanya kazi miaka 14 kwenye karakana moja nje kidogo ya Bristol, Uingereza, tukichonga mbavu za mabawa. Tajiri wetu alipotaka mashine mpya ya mihimili mitano alinituma mimi na kijana mmoja wa programu tukaitazame kwa muuzaji. Tulifika saa tatu asubuhi, tukakuta mashine imechonga usiku kucha. Imeshapata joto lake, mafuta yameshatembea. Muuzaji akachonga kipande chake alichokizoea, tukapima, kila kipimo kikawa ndani ya mikroni 15 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kijana akaanza kutafuta kalamu. Mimi nikaomba izimwe. Ilale baridi, kesho saa kumi na mbili asubuhi iwashwe na ichonge kipande chetu, kwa alumini yetu na programu yetu.

Muuzaji hakupenda, lakini aliikubali hela yetu ijayo. Asubuhi ile ukuta wa kwanza ulitoka umekosea mikroni 60. Kufika saa sita mchana kosa lilikuwa limejiondoa lenyewe. Mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Ilitaka tu kupashwa moto zaidi ya saa mbili kila inapolala, na kijitabu cha matangazo kilikuwa kimya kuhusu hilo. Tajiri aliligeuza kuwa punguzo la bei, tukainunua.

Kwa hiyo jambo la kwanza: usikubali kuona mashine yako ikichonga kipande cha muuzaji. Beba mchoro wako na bonge lako la chuma. Kama dalali anasema mashine iko ghalani na haiwezi kuwashwa, hapo huna cha kupima, una picha tu.

Sasa hizo namba. Mashine ya kulala inapendwa kwa kazi ya ndege kwa sababu ubavu wa bawa huchongwa kutoka bonge zima la alumini, na mara nyingi zaidi ya asilimia 90 ya bonge huishia kuwa mabaki. Spindeli ikilala, mabaki yanaanguka chini yenyewe. Ikisimama, yanajaa kwenye mifuko ya kipande na kikata kinayasaga upya. Paleti mbili nazo zina maana: moja inachongwa, nyingine unaifunga kipande kingine. Hapo dalali wako hakukosea.

Alipokosea ni pale aliposema alumini na titani kwa pumzi moja. Chukua kikata cha milimita 20. Alumini unaweza kuichonga kwa mwendo wa mita 1,000 kwa dakika, na hesabu inakupa mizunguko kama 15,900. Spindeli yako ya 18,000 itafurahi. Titani ya kawaida ya ndege, ile yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, ukiipeleka zaidi ya mita 50 hivi kwa dakika kwa kikata cha kabaidi unakichoma kikata, kwa sababu titani haipitishi joto vizuri; moto mwingi unabaki kwenye ncha. Mita 50 kwa kikata kilekile ni mizunguko 800 tu. Sasa muulize dalali: kwenye mizunguko 800 spindeli inatoa nguvu ya kusokota kiasi gani? Ikiwa ni nyutoni-mita 100, basi hapo una kilowati 8 na kitu, si 40. Hizo 40 zinakaa juu huko kwenye mizunguko mingi ambako titani haiendi. Omba mchoro wa nguvu ya spindeli, ule wa mstari unaopanda na kushuka. Mtu asiye nao hajui anachouza.

Na titani inataka maji ya kupozea yanayosukumwa kwa nguvu, bar 70 hivi, yapite katikati ya spindeli. Angalia kama pampu hiyo ipo au iliuzwa peke yake.

Mihimili miwili inayozunguka ndipo uzee unapojificha. Ile mitatu ya kwenda na kurudi utaipima kwa leza na utapata jibu zuri, kisha ukadhani umemaliza. Mhimili unaozunguka ukikosea sekunde 10 za nyuzi (nyuzi moja ina sekunde 3,600), kosa usiloweza kuliona kwa jicho, kwenye kipande kilicho milimita 500 kutoka katikati ni mikroni 24. Kuna kipimo ambacho hakihitaji vifaa vya gharama. Funga fimbo yenye tufe kwenye spindeli, weka saa ya kupimia, kile kifaa chenye mshale unaoonyesha mikroni, iguse tufe, iamuru kompyuta ishike ncha ya kikata mahali pamoja, kisha zungusha mihimili yote miwili polepole. Mshale wa saa usitembee. Ukitembea mikroni 10 zungumza bei, ukitembea 50 rudi nyumbani. Fanya hivyo mashine ikiwa baridi, halafu tena ikiwa imechemka. Mwenye uwezo huchonga pia ile koni iliyoinama ya kipimo cha Marekani kiitwacho NAS 979, au kipande chenye umbo la herufi S kilichomo kwenye ISO 10791-7. Kipande cha S ni kikatili zaidi kwa sababu ukuta wake unajipinda huku na huku na mihimili yote lazima itembee kwa pamoja. Alama za kusita utaziona kwa kupitisha kucha.

Spindeli isikilize pia. Mimi huweka bisibisi kwenye nyumba ya beringi na mpini sikioni, kama fundi wa magari wa Majengo. Vijana wa Bristol walinicheka hadi siku niliyoikamata beringi mbovu kabla ya kompyuta yao.

Tuje nyumbani. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Mota za umeme kwa kiwango cha kimataifa huhesabiwa nguvu zake hadi mita 1,000. Zaidi ya hapo hewa ni nyepesi, haipozi vizuri, na inabidi upunguze nguvu unayoitegemea. Huku Moshi tuko chini ya mita 1,000, kwa hilo tumewashinda, ingawa joto la Februari linatulipiza. Na joto si dogo. Vipimo vyote vya michoro ni vya nyuzi 20. Alumini ya mita moja hurefuka mikroni 23 kwa kila nyuzi moja. Ukianza asubuhi ya Julai karakana ikiwa nyuzi 14 na kumaliza mchana ikiwa 24, kipande chako kimetembea mikroni 230, na mchoro wa ndege huenda unakuruhusu 50. Kwa hiyo ongeza kwenye mkopo chumba chenye joto moja, msingi wa zege ambao haujagusana na sakafu nyingine, na transfoma, kwa kuwa mashine nyingi za Kijapani zinakula volti 200 na sisi tuna 400. Na umeme ukikatika kikata kikiwa ndani ya titani, kipande hicho unakiaga.

Kuna jambo ambalo dalali hakukuandikia, nami nadhani analijua. Mashine nyingi ambazo mihimili yake mitano inatembea kwa pamoja zimo kwenye orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa chini ya makubaliano ya kimataifa ya Wassenaar ya 1996, kwa sababu inayochonga bawa inaweza kuchonga na silaha. Wajapani waliumia mapema: mwaka 1987 ilifichuka kwamba Toshiba Machine iliwauzia Wasovieti mashine za kuchonga mapangaboi ya manowari. Leo watengenezaji wengi wa Japani huweka ndani ya mashine kifaa kinachotambua kwamba imehamishwa. Ukiisogeza bila mtengenezaji kuja kuifungua, haiwaki. Unaweza kuishusha kontena Njiro, ukachinja mbuzi, ukabonyeza kitufe, ukabaki na sanamu ya tani nyingi. Andikia mtengenezaji mwenyewe, mpe namba ya mashine, uliza kama atakubali ihamie Tanzania na nani atakuja kuifungua. Fanya hivyo kesho. Barua haina gharama.

Halafu kazi yenyewe. Mafundi wa ndege pale KIA hawafungi kipuri kwa sababu kimepimwa vizuri. Wanafunga kipuri chenye cheti cha kuruhusiwa, kinachoweza kufuatiliwa hadi tanuru iliyoyeyusha chuma chake. Ili wenye viwanda vya ndege wakupe kazi watataka mfumo wako wa ubora uwe na cheti cha AS9100, kipande cha kwanza kipimwe kila kipimo kilichomo kwenye mchoro na kiandikwe, na rekodi zitunzwe miaka. Hayo huchukua muda mrefu kuliko mkopo wako utakavyokuvumilia. Mbavu nzuri kabisa isiyo na karatasi ni chakavu, nimeshaona ikikatwa kwa msumeno mbele ya aliyeichonga, naye analia.

Basi usiweke hati. Nunua meza ya kuzunguka uifunge kwenye mashine uliyo nayo, uwe na mhimili wa nne, na umpeleke kijana wako mmoja akajifunze programu za mihimili mitano kwenye kompyuta, ambako akigonga spindeli halipi mtu. Ukishapata mteja mmoja wa ndege aliyeweka sahihi, niandikie tena, nitapanda basi nije tuitazame mashine pamoja. Nauli yako.

SWALI: Shikamoo babu. Niko VETA Moshi mwaka wa pili. Nikichonga alumini inanata kwenye meno ya kikata hadi kinavunjika. Mwalimu anasema nipunguze mwendo, nimepunguza, bado.
Mwanafunzi, Moshi

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Heshima kwa mwalimu, lakini jaribu kinyume: ongeza mwendo. Kikata chako nahisi kina meno manne na rangi ya zambarau iliyokolea. Hiyo rangi ni koti lenye alumini ndani yake, ndugu wanashikana. Tafuta cha kabaidi chenye meno mawili au matatu, kisicho na koti, kinachong'aa, mabaki yapate pa kutokea. Maji ya sabuni yasikatike, na hewa ya kompresa ipulize mfuko. Zamani tulipaka mafuta ya taa na yalifanya kazi, ila kwa mwendo wa mashine za siku hizi yatakuwashia moto.