Utafiti usiishie kabatini

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: vyuo vikuu vina wajibu gani katika kujenga jamii endelevu? Najibu nikiwa mtu aliyejaza hojaji za watafiti zaidi ya mara moja, kuhusu maji na kuni, na sijaletewa majibu hadi leo.

Wengi watasema kazi ya chuo ni kufundisha, na sibishi. Ila kwangu wajibu mzito zaidi huanza pale utafiti unapokamilika. Kuna kuubeba ukweli hadi umfikie anayeuhitaji, na kuna kusimama nao hata unapowaudhi wenye mali.

Mwaka 1974, Sherwood Rowland na Mario Molina wa Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Irvine, walionya kwamba klorofluorokaboni, kemikali zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, hupanda juu sana angani, zikavunjwa na miale ya jua na kutoa klorini inayoila ozoni, gesi ya angani inayotukinga na miale mikali ya jua. Makala ilishatoka, na wangeweza kurudi maabara. Badala yake walizungumza na waandishi wa habari, wakatoa ushahidi mbele ya wabunge wa Marekani, wakataka kemikali hizo zipigwe marufuku huku viwanda vikiwapinga. Itifaki ya Montreal, mkataba wa mataifa wa kuziondoa kemikali hizo, ilitiwa saini mwaka 1987. Miaka 13! Hiyo ndiyo kazi ninayoidai kwa vyuo vikuu, na ndiyo ambayo haiandikwi kwenye ratiba ya mhadhiri yeyote.

Wangari Maathai naye alikuwa akifundisha anatomia ya mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi alipoanza, mwaka 1977, kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini. Alianza kwa kuwasikiliza wakieleza kwamba kuni zimeadimika na vijito vinakauka. Msomi aliyesikiliza kwanza, nani asingemfuata?

Paneli za jua juu ya mabweni na siku za kupanda miti ni jambo jema, lakini havitoshi. Mhadhiri anapandishwa cheo kwa makala zinazosomwa na wenzake wachache, kwa lugha ambayo mkulima aliyetoa takwimu haielewi. Siku tatu alizokaa akimweleza mkulima huyo matokeo hazihesabiwi popote. Hapo ndipo pa kurekebisha, nami naamini hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji kamati ya vyeo iamue kwamba kurudisha matokeo ni sehemu ya utafiti, na tasnifu isipite mpaka muhtasari wake uandikwe kwa lugha ya wale waliohojiwa.

Nina ombi moja kwa wakuu wa vyuo. Ukurasa wa mwisho wa kila hojaji uwe na mistari miwili: tarehe ya kuletewa majibu, na mahali tutakapokutana kuyajadili. Tutakuja.