Usitume hela ya hiyo monita ya 4K kabla hujaipima kompyuta yako

Weka hiyo laki saba mfukoni, mdogo wangu. Leo usimtumie mtu hela.

Nimesoma swali lako mara mbili. Uko Tabora, GPU (kadi ya picha) ya kompyuta yako ni GTX 1650 ya GB 4, monita ya sasa ni inchi 22 ya 1080p, na kuna mtu Dar anakusukumia inchi 27, 4K (ukali wa picha mara nne ya 1080p), 60Hz (picha 60 kwa sekunde), kwa laki saba. Unauliza kama bei ni nzuri, kama kioo kilichopinda kina faida na kama spika za ndani zinatosha. Walionitangulia wamekuandikia "chukua fasta, 4K ni 4K". Hiyo "4K ni 4K" naifahamu vizuri. Ilininyang'anya laki tano mwaka 2021.

Nina kasteshenari kangu hapa Mwanga, Kigoma. Mchana natoa kopi na kuchapa barua za maombi ya kazi, usiku nikishafunga ni gemu. Wakati huo zilikuwa GTA V na CS:GO, kabla CS:GO haijageuzwa Counter-Strike 2 mwaka 2023, na nilikuwa na GTX 1050 Ti na kioo cha ofisini cha inchi 19 chenye mstari wa kijani pembeni. Nikajichanga mpaka milioni moja na ushee, nikampigia dogo wa duka moja Kariakoo, nikamwambia nataka monita ya gemu. Hakuniuliza GPU. Narudia: hakuniuliza GPU. Aliuliza tu, "Bosi, bajeti yako ngapi?" Nikamtajia. Ajabu na kweli, monita bora kuliko zote dukani kwake ilikuwa na bei inayolingana na hela niliyomtajia.

Inchi 28, 4K, 980,000, na 25,000 ya basi. Nikaipokea stendi saa nne usiku, nikapanda bodaboda nimelikumbatia boksi kama napeleka mgonjwa. Mama watoto alipoliona akauliza king'amuzi kiko wapi.

Kuwasha tu, mshale wa mausi unajikokota kama unatembea kwenye uji. Kumbe tundu la HDMI la ile monita lilikuwa toleo la 1.4, na HDMI 1.4 ikibeba 4K inaishia 30Hz. Dogo ananiambia, "Tumia DisplayPort, bosi," yaani tundu lile lingine. Waya wake haumo kwenye boksi. Mjini kila duka nililoingia walinitolea waya wa zamani wa VGA. Nikaagiza Dar, 35,000 na nauli ya mzigo 10,000, siku tano. Siku tano nina monita ya karibu milioni na nacheza karata za kwenye simu.

Waya ukaja, 60Hz ikapatikana, nikafungua GTA V. Fremu (picha) 17 kwa sekunde. Nikikata kona nagonga ukuta kwanza, ukuta wenyewe naja kuuona baadaye.

Sababu hakuna aliyeniambia, kwa hiyo nakwambia wewe. 1080p ni pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080, kama milioni 2.07. 4K ni 3840 kwa 2160, kama milioni 8.3. Ni mara nne kamili, na kila fremu GPU inazipaka zote upya. Ni sawa na kumchukua fundi rangi anayemudu chumba kimoja kwa siku, ukampa nyumba ya vyumba vinne, halafu jioni ile ile unaenda kumgombeza. Monita haichezi gemu. Inaonesha kile ilicholetewa.

Nikajisemea si tabu, nitashusha gemu liwe 1080p. Fremu zikarudi, lakini picha ikaingia ukungu, kama unachungulia dirisha la mgahawa wa supu asubuhi. Kioo changu cha mstari wa kijani kilikuwa kinaonesha maandishi makali zaidi. Basi ninunue GPU kubwa. Mwaka 2021, jamani! Wachimba sarafu za mtandaoni walikuwa wamezikomba kadi dunia nzima, na chipu zenyewe zilikuwa haba. Kadi ya kuimudu 4K nilitajiwa bei ya pikipiki. Na pawa saplai yangu ya wati 300 ingeiona hiyo kadi ikazimia pale pale.

Nikampigia dogo kulalamika. "Bosi, kwani monita si nzima?" Ni nzima. Hapo akanimaliza, maana kweli ilikuwa nzima. Nikamgeukia yule bwana wa video za mtandaoni ambaye ndiye aliyenitia wazimu wa 4K. Nikarudia video yake yote, na kwenye dakika ya tisa, kwa sekunde mbili hivi, GPU yake ikapita pembeni: RTX 3090, kadi kubwa ya bei kali. Mzee, hiyo si ndiyo ungeanza nayo? Wenzangu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi gunia lilikuwa wazi, mbuzi nikamwona, nikalipa.

Baada ya miezi miwili nikamuuzia mwenye studio ya picha kule Ujiji kwa 550,000. Piga hesabu mwenyewe, laki tano kamili zimekwenda na maji. Nikanunua iliyotumika, inchi 24, 1080p, 144Hz, kwa 340,000. CS:GO nikapunguza madoido, fremu zikapita 144, na picha mpya inakuja kila milisekunde 7 badala ya 17. Wiki tatu nzima niliisifia kwa kila mteja aliyeleta kopi, kumbe Windows ilikuwa imeiacha kwenye 60Hz. Hamjaniuliza, nasema mwenyewe. Ukinunua, siku hiyo hiyo ingia kwenye setingi za skrini uibadilishe.

GPU ndiyo inayochagua monita. Si hela yako, na si huyo wa Dar. Wala usiniamini mimi, jaribu leo bila kutoa hata mia. Fungua NVIDIA Control Panel, ingia Manage 3D settings, tafuta DSR Factors, weka tiki kwenye 4.00x. Ukirudi kwenye gemu utakuta 3840 kwa 2160 kwenye orodha, hata kama monita yako ni ya 1080p. Ichague, washa kihesabu fremu cha Steam, cheza dakika kumi. Namba utakayoiona pale ndiyo maisha utakayoishi na hiyo 4K. Mimi ningelijua hili, ningelala na laki tano zangu.

Kisha rudi 1080p usome tena. Ukipata 100 na kitu kwenye gemu unalolicheza kila siku, tafuta inchi 24 ya 144Hz, chenji weka akiba ya kadi. 1440p iko katikati, pikseli milioni 3.7, ila kwa 1650 itahema sana, kwa hiyo isubiri kadi mpya. 240Hz sahau kabisa. Seva zilivyo mbali na huku kwetu, pingi (muda wa ishara kwenda kwenye seva na kurudi) itakuua kabla hujaufaidi huo ulaini.

Uliuliza na mengine, nadhani spika. Vaa hedifoni.

Juzi nilipita ile studio ya Ujiji kupiga pasipoti. Ile 28 yangu iko mezani, imefunguliwa picha ya bi harusi, hina ya kidole gumba unaihesabu mstari kwa mstari. Kule inastarehe, picha ya harusi haikati kona. Jamaa akaniuliza, "Vipi, unaikumbuka?" Nikamwambia apige picha niondoke.

Lete hapa namba zako za fremu, ya 4K na ya 1080p, kabla hujamjibu huyo mtu wa Dar. Nipo dukani mpaka saa mbili usiku.