Nikubali Mwanangu Aingizwe Kwenye Utafiti Akiwa Hospitalini?

SWALI: Daktari, pokea salamu kutoka Ahero. Hivi majuzi mtoto wangu wa miaka miwili alilazwa akiwa na malaria na upungufu mkubwa wa damu, akaongezewa damu usiku uleule. Alipoanza kupata nafuu, kijana mmoja wa utafiti alinijia na fomu ndefu, akataka niweke sahihi kabla baba yake mtoto hajafika. Alisema baadhi ya watoto watapewa dawa na wengine vidonge visivyo na dawa ndani. Nilikataa. Mama mkwe anasema nilifanya vyema, kwa kuwa watoto wa maskini ndio wanaofanyiwa majaribio, lakini moyo wangu haujatulia. Kwa nini madaktari wasitoe tu tiba wanayoijua? Na mtoto akiwa amezimia, nani huamua?
Mama wa mtoto mmoja, Ahero

JIBU: Mama, pole kwa kuuguza. Kukataa kulikuwa haki yako kamili, na hakuna mhudumu aliye na ruhusa ya kupunguza matibabu ya mtoto eti kwa sababu mzazi hakuweka sahihi. Hata mzazi aliyekubali anaweza kumtoa mtoto wake katika utafiti siku yoyote, bila kueleza sababu.

Swali lako la kwanza ndilo zito. Tiba tunayodhani tunaijua mara nyingine ni tiba tuliyoizoea tu. Kwa miaka mingi, mtoto aliyefikishwa hospitalini akiwa na homa kali, viganja baridi na mapigo ya moyo ya kasi alitundikiwa dripu na kumiminiwa maji mengi kwa muda mfupi, na kwa kuwa wengi walionekana kupata nafuu katika saa ya kwanza, hatukuwa na sababu ya kushuku. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland na kuwashirikisha watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulilinganisha desturi hiyo na kumpa mtoto maji polepole kwa kiwango cha kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: miongoni mwa waliomiminiwa maji, takriban asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48. Miongoni mwa wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Hao ni watoto watatu zaidi katika kila mia, tofauti ambayo daktari mmoja, hata akikaa wodini maisha yake yote, hawezi kuiona kwa macho. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri usajili usimamishwe kabla ya wakati. (Watoto wanaoharisha na kuishiwa maji mwilini hawakuhusishwa, kwao maji yangali tiba, tena ya haraka.)

Kuhusu mtoto aliyezimia, mwenye kuamua ni mzazi au mlezi wake. Lakini hakuna mzazi anayeweza kusoma kurasa kadhaa huku mwanawe akitetemeka kwa degedege. Ndiyo maana katika FEAST, pale ambapo muda haukutosha, mzazi alielezwa kwa ufupi na kukubali kwa mdomo, kisha akapewa maelezo kamili na fomu ya kutia sahihi baada ya hali ya mtoto kutulia. Naona utaratibu huo ni wa haki kwa dharura. Wewe hukuwa katika dharura: mtoto alikuwa amepata nafuu, na baba yake angeweza kungojewa.

Sasa vidonge visivyo na dawa. Mfano ulio karibu nawe ni utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya na Uganda kwa watoto 1,049 waliolazwa kwa upungufu mkubwa wa damu, kama wako. Wote walitibiwa malaria kwanza. Kisha, katika wiki ya 2, ya 6 na ya 10 baada ya kutoka hospitalini, nusu yao walipewa dawa ya kuzuia malaria na nusu vidonge vitupu. Katika miezi hiyo ya kinga, vifo na kulazwa tena vilipungua kwa takriban asilimia 70. Matokeo yalitoka 2020, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kinga hiyo. Si kila utafiti huleta habari njema: ule wa Kisii na Homa Bay, uliowapa watoto antibiotiki ya azithromaisini walipokuwa wakiruhusiwa kwenda nyumbani, haukuonyesha faida, na hilo nalo lilituepusha kugawa antibiotiki bure.

Hofu ya mama mkwe haipuuzwi. Ukiombwa tena, uliza: je, ugonjwa huu unawasumbua watoto wa hapa? Mtoto atakayepata vidonge vitupu atanyimwa tiba gani? Akidhurika, nani atagharamia? Omba fomu ya Dholuo au Kiswahili, na umngoje baba yake mtoto. Fomu hiyo inapaswa kuwa na nambari ya simu ya kamati ya maadili ya utafiti. Ukiwa bado na nakala, wapigie uwaeleze jinsi kijana yule alivyokuharakisha, kwani ni kazi yao kulishughulikia.