Muuguzi anasema asali "haina ushahidi": ana maana gani?

SWALI

Assalaam aleikum daktari. Mimi ni mkazi wa Langoni, Lamu. Mama yetu ana ugonjwa wa sukari, ni miaka mingi sasa. Mwezi uliopita alikanyaga kaa la moto jikoni wala hakuhisi kitu. Ni sisi tulioona alama za damu sakafuni. Kidonda kiko chini ya kidole gumba cha mguu na mpaka leo hakijafunga. Nyumbani tuna asali ya Waboni kutoka bara, ileile tuliyompaka ndugu yangu mdogo alipomwagikiwa na maji ya moto, akapona vizuri. Safari hii muuguzi alipoiona akatukataza. Alisema asali kwa kidonda cha sukari "haina ushahidi", utafiti bado. Naomba unifafanulie: wakisema hakuna ushahidi, wana maana haiponyi, au wana maana hawajui? Na kama hawajui, imekuwaje kitu kinachotumika tangu enzi za mababu hakijachunguzwa mpaka leo?

JIBU

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mfikishie mama pole zangu. Katika yote uliyoandika, lililonishtua si kidonda, ni kule kutolihisi kaa. Nitarudi hapo.

Muuguzi alisema kweli, ila kwa mkato. Sisi wa hospitalini tunalitumia sana neno hili na tunawachanganya watu, kwa sababu linabeba hali tatu zilizo mbalimbali. Huenda swali limeulizwa vizuri, kwa wagonjwa wa kutosha, na jibu likawa dawa haisaidii. Huenda limeulizwa kwa watu wachache au kwa njia mbovu, jibu likawa halisomeki. Au hakuna aliyeliuliza kabisa. Mgonjwa akiambiwa "hakuna ushahidi" husikia ile ya kwanza, akaitupa dawa, au akamwona muuguzi anadharau dawa za wazee. Kwa asali na mguu wa mama, hali ni ile ya pili.

Asali imechunguzwa, tena si kidogo. Mwaka 2015 mtandao wa watafiti uitwao Cochrane ulikusanya majaribio 26 ya asali kwenye vidonda, yenye watu zaidi ya 3,000. Kwa majeraha ya moto yasiyozama sana, asali ilifunga jeraha mapema kuliko bendeji za kawaida, tofauti ya siku nne hadi tano hivi, na ushahidi huo ni imara. Kwa hiyo kwa ndugu yako huenda ilisaidia kweli. Lakini kwa vidonda vya miguu ya wenye kisukari walipata majaribio mawili tu, na wagonjwa wake wote kwa jumla hawakufika 100. Kwa idadi hiyo huwezi kusema inasaidia, inadhuru, wala kwamba haina athari yoyote. Swali liko wazi mpaka sasa.

Asali ni moja, vidonda ni viwili, wala havifanani. Ndugu yako aliungua kwenye ngozi yenye hisia, damu ikifika vizuri. Mguu wa mama umekufa ganzi, mishipa yake ya damu pengine imebana, na kila anapoinuka uzito wa mwili mzima unakiangukia kile kidonda. Asali hufanya kazi kwa juu: hunyonya maji, ni chachu kiasi ambacho vijidudu vingi havikipendi, na hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Haifungui mshipa ulioziba. Haimwambii mama asikanyage. Tena ile ya hospitali huuliwa vijidudu kwa mionzi kabla ya kuwekwa kidondani, na asali ya Waboni, kwa utamu wake wote, haikupitia huko. Kwa hiyo kwenye mguu huu mimi ningemsikiliza muuguzi. Wekeni asali kwenye chai ya wasio na sukari.

Lipo jambo la mguu huu lililokwisha kujibiwa, nalo ni kuuondolea uzito. Kidonda cha wayo wa mwenye kisukari hufunga vizuri zaidi mguu ukipumzishwa kweli, kwa plasta ngumu maalumu, kama ya aliyevunjika mfupa, au kiatu maalumu kinachohamisha uzito kutoka pale penye kidonda. Hapa Malindi nawaona akina mama wanakuja na bendeji nyeupe safi, imefungwa kwa ufundi, halafu wanatoka mlangoni wakiukanyaga mguu uleule mpaka stendi ya matatu. Ukiifungua baada ya siku tatu, kingo za kidonda zimeota gamba gumu jeupe kama ukoko wa wali, na chini yake pamechimbika. Ubishi wa nini kipakwe juu huwa mkali sana nyumbani. La kupumzisha mguu halibishaniwi na hata mmoja, na halifanywi.

Sasa nije kwenye uzito wa swali lako, kwamba mababu waliona inaponya. Mababu waliona kweli. Shida ni kwamba kuona hakutoshi kumjua aliyeponya, na mfano wake umo mjini kwetu. Vasco da Gama, huyo ambaye nguzo yake imesimama pale ufukweni Malindi, alifika pwani hii Aprili 1498 akiwa na mabaharia wagonjwa wa kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kuvimba na kutoka damu kwa kukosa matunda na mboga. Mombasa waliletewa machungwa na ndimu, wagonjwa wakapona. Mmoja wao aliyekuwa akiandika habari za safari akasema sababu ni hewa nzuri ya Mombasa. Januari 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi wakiwa hoi, walitia nanga Malindi na wagonjwa wenyewe wakaomba machungwa. Wakaletewa. Safari hii wengi walikufa, na mwandishi yuleyule akailaumu hali ya hewa ya Malindi. Wa kwanza walipona, ikasifiwa hewa. Wa pili walikufa, ikalaumiwa hewa. Machungwa yalikuwa mkononi mara zote mbili.

Kilichokosekana ni ulinganisho. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli ya Uingereza, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye cha kufanana, akawalisha chakula kimoja, kisha akawapa dawa sita tofauti, kila dawa watu wawili: siki, maji ya bahari, na kadhalika. Waliopewa machungwa na ndimu waliinuka ndani ya siku chache. Hata hivyo jeshi la majini la Uingereza halikuagiza maji ya ndimu kwa mabaharia wake mpaka 1795, karibu miaka hamsini baadaye.

Usidhani haya ni ya zamani. Kabla ya 2011 nilikuwa wodi ya watoto katika hospitali moja ya pwani. Mtoto akiletwa na homa kali, mikono baridi, ukimbonyeza ukucha unakaa mweupe sekunde kadhaa kabla damu kurudi, sisi tulitafuta mshipa tukafungua dripu ikimbie. Ndivyo tulivyofundishwa. Na nilikuwa nikiona kwa macho yangu: ndani ya saa moja mikono inapata joto, mtoto anageuza kichwa kumtafuta mama yake. Ungeniambia nithibitishe kwamba dripu ya haraka inaokoa, ningekushika mkono nikupeleke kitandani ukaone.

Watafiti wa Kilifi, wakiongozwa na Kathryn Maitland, waliliuliza swali ambalo sisi hatukujua kuwa ni swali. Katika Kenya, Uganda na Tanzania waliingiza watoto 3,141 kwenye jaribio la FEAST, wakawagawa kwa bahati nasibu: wengine dripu ya haraka ya aina mbili, wengine dripu ya polepole ya kawaida tu. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, na matokeo yakatoka 2011. Katika saa 48 za kwanza, kwa kila watoto 1,000 waliopewa dripu ya haraka walikufa kama 105. Kwa wale wasiopewa walikufa 73. Na jambo linaloniuma mpaka leo ni hili: watafiti walipoangalia saa ya kwanza, waliopewa dripu ya haraka walionekana kupata nafuu zaidi. Nilichokiona wodini kilikuwa cha kweli. Vifo vilikuja baadaye, moyo na mzunguko wa damu viliposhindwa, na zamu yangu huenda ilikuwa imeshakwisha.

Tofauti ya watoto watatu katika mia haionekani kwa macho ya daktari mmoja. Mimi nilipokea watoto wa hali hiyo wachache kwa mwezi. Wangekufa wawili zaidi kwa mwaka ningesema ni malaria kali, au wamecheleweshwa nyumbani. Ndiyo maana majaribio mawili ya asali yenye watu wasiofika 100 hayatuambii kitu, na ndiyo maana uzoefu, wa kwangu au wa bibi yako, hauwezi kulimaliza swali la namna hii. (Mzazi anayesoma hapa asije akakataa dripu ya mtoto anayeharisha. Watoto wa kuhara hawakuwemo kwenye jaribio lile, na mtoto aliyekaukiwa anahitaji maji, kwa mdomo au kwa mshipa.)

Kwa nini basi asali haijafanyiwa jaribio kubwa la miguu ya kisukari? Jaribio la watu maelfu ni ghali, na mlipaji mkubwa wa majaribio ya dawa ni mwenye kiwanda anayetarajia kuiuza. Asali haina mwenyewe. Mwarobaini hauna mwenyewe. Zikibaki fedha za serikali na wafadhili, hugombaniwa na magonjwa mengi, na anayechagua swali ni mtafiti, si mama aliyeketi na mguu juu ya kigoda. Mwaka 2000 watafiti wa Uingereza walilinganisha yanayochunguzwa kuhusu maumivu ya goti na yale wagonjwa wenyewe wanayotaka kujua. Tafiti nyingi zilikuwa za dawa. Wagonjwa wengi walitaka kujua kuhusu mazoezi, upasuaji na namna ya kuishi na goti lile. Mwaka 2004 ukaanzishwa huko mpango uliopewa jina la yule James Lind, ambamo wagonjwa, walezi na matabibu huketi pamoja, wakaorodhesha maswali ya tiba yasiyo na majibu, wakachagua kumi ya kutangulia. Natamani sana kikao kama hicho kiketi Lamu, wakaalikwa na wavuvi, na makungwi, na wauguzi wa zahanati za visiwani.

Yako pia maswali yaliyojibiwa kwingine, yakabaki wazi kwetu. Dawa iitwayo haidroksiyurea ilionekana Marekani tangu 1995 kuwa inapunguza maumivu ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Lakini je, kwa mtoto wa pwani anayeumwa na mbu kila usiku, haitamshusha kinga malaria ikamwua? Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Jibu lilichapishwa 2019, baada ya watoto wa nchi nne za Afrika, wakiwemo wa Kilifi, kupewa dawa hiyo na kufuatiliwa: malaria haikuongezeka, ilipungua, na maumivu yalipungua zaidi ya nusu. Zaidi ya miaka ishirini ilipita hapo katikati.

Kwa hiyo muuguzi au daktari akikwambia tena "hakuna ushahidi", muulize kwa heshima: limechunguzwa likashindwa, au halijachunguzwa vya kutosha? Wagonjwa waliochunguzwa walifanana na mama yangu? Na ililinganishwa na nini? Hilo la mwisho watu hulisahau. Asali iliishinda bendeji ya kawaida kwenye jeraha la moto, lakini jeraha lililozama, likakatwa mapema na kubandikwa ngozi, lilipona haraka kuliko la asali. Anayejua atafurahi kuulizwa. Asiyejua akisema "sijui", mheshimu kwa hilo.

Wiki hii mpelekeni mama kliniki, msingoje tarehe yake. Ombeni apimwe mapigo ya damu ya mguu na hisia za wayo, gamba gumu lipunguzwe na mwenye ujuzi, sukari iangaliwe, na muulize moja kwa moja ni njia gani ya kuuondolea mguu uzito inayopatikana hapo. Mkiona weusi, harufu, wekundu unaopanda juu ya mguu, au homa, ni siku hiyohiyo, hata kama ni mashua ya mwisho kwenda Mokowe, ng'ambo bara. Donda ndugu halisubiri asubuhi. Ndani ya nyumba asitembee pekupeku tena, na makubadhi yake yapapasweni ndani kwa mkono kila asubuhi kabla hajavaa, maana kijiwe alichokanyaga hatakuambieni. Na mkifika kwa daktari, mvueni viatu vyote viwili. Mguu wa pili nao huenda hauhisi.