Madogo wa usukani, hita si pambo

Julai hii kila alfajiri nawaona pale lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro: kioo cha mbele kimejaa ukungu kwa ndani, dereva anafuta kwa kiganja, mgeni anamsaidia kwa skafu. Jamani! Nani aliwapa hizo funguo?

1. Hita haina moto wake. Inakula joto la injini: maji ya moto yanapita kwenye kirejeta kidogo nyuma ya dashibodi, feni inapuliza. Ukiwasha gari na kufungua feni yote papo hapo, unawapulizia wageni baridi. Subiri mshale wa joto upande.

2. Themostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Hapa nina kidonda. Land Cruiser niliyokuwa naendesha ilikuwa inachemsha kila nikipanda kutoka Mto wa Mbu. Fundi akaniambia, "Bro, hiki kidude ni cha nchi za barafu, tuking'oe." Nikakubali, tena nikamwongezea ya soda. Mshale ukashuka, nikatamba kijiweni kwamba nimepata dawa. Ikaja Juni, nimebeba mtu na mkewe, wazee, tuko ukingoni Ngorongoro, mita kama 2,300, tunawahi geti la kushukia saa kumi na mbili. Hita inapuliza upepo wa friji. Maji yalikuwa yanazunguka kwenye rejeta muda wote bila wa kuyazuia, injini haipati joto lake, hita itapata wapi? Bibi akavaa soksi mikononi. Mimi, bila haya, nikawaambia hita za magari ya safari ndivyo zilivyo! Dizeli nayo ikawa inaisha haraka, nikawa namnunia kijana wa sheli. Kumbe ugonjwa wenyewe ni rejeta iliyoziba kutu, maana kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, niliiona ghali, nikawa najazia maji ya bomba.

3. Ukungu: zima kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, elekeza hita kiooni, na kama AC ipo iwashe pamoja nayo, inakausha hewa. Haipo? Shusha kioo kidogo, wageni wavumilie.

4. Harufu tamu na kapeti bichi miguuni ni kirejeta kinavuja. Fundi akikiruka kwa kuunga mipira, mwambie bosi, usimwachie dereva wa zamu ijayo agundue Karatu kwamba hita haipo.

5. Likichemsha mlimani huna pa kuegesha, fungua hita yote na feni mwisho. Inapunguzia injini joto. Wageni watatoka jasho. Wape maji ya kunywa, na mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka ipoe, hata kiongozi wa msafara akipiga honi.