Msumeno wa petroli au ule mdogo wa betri? Pima kwanza unene wa mti wako

Wiki iliyopita jirani yangu, mama mwenye ekari moja na nusu ya kahawa, alikuja kwangu na simu mkononi. Kwenye kioo kulikuwa na picha mbili: msumeno mkubwa wa petroli, na ule mdogo wa betri unaoshikwa kama bastola. "Afande, nisaidie," akasema. Hapa Bombo, mji wa jeshi nchini Uganda, ukishavaa gwanda, jina hilo unabaki nalo hata baada ya kustaafu. "Mwanangu ametuma pesa ya mashine moja tu. Ninunue ipi?"

Nilimwomba anionyeshe kwa mikono tawi nene kuliko yote analotaka kukata. Akaunganisha vidole gumba na vya shahada, likatokea duara. Nikamwambia anunue ule mdogo, na siku ya kuangusha mti mkubwa amwite fundi mwenye msumeno wake. Aliondoka ameridhika, ila mimi usiku nikaona nimemjibu haraka mno. Kuna mambo sikumwambia, na mengine nimeyajua kwa kuyalipia. Nayaandika hapa ayasome yeye, na mwingine yeyote anayesumbuliwa na swali hilo.

Mimi nilianza na mkubwa. Nilikuwa nimetoka jeshini, nina shamba la kahawa ya robusta upande wa Luweero, mikaratusi mpakani na mifenesi michache, na msumeno niliokuwa naujua ni ule wa wapasua mbao: injini inanguruma, bamba refu linabeba cheni. Nikanunua wa cc 58, bamba la inchi 20. Ni mashine ya kazi kwelikweli. Mkaratusi wenye unene wa ndoo uliulaza chini kwa dakika chache. Lakini mwaka ule wa kwanza, siku nilizouwasha hazikufika kumi. Siku nyingine zote kazi ilikuwa matawi ya kahawa, nguzo za ndizi na kuni za jikoni, na huko niliendelea na panga langu. Kuinua mzigo ule wa kilo sita na zaidi kwa ajili ya tawi lenye unene wa kifundo cha mkono ni kujichosha bure.

Halafu kuna suala la mafuta. Injini ya msumeno huu ni ya tu-stroki, haina mahali pa kuweka oili peke yake kama pikipiki za bodaboda. Oili yake huingia ikiwa imechanganywa na petroli, na huo mchanganyiko ndio uhai wake. Misumeno mingi mizuri hutaka 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili ya tu-stroki kwa kila lita ya petroli. Mingi ya bei nafuu hutaka 25 kwa 1, yaani mililita 40. Fuata kitabu cha mashine yako, wala usikisie kwa macho. Mimi napima kwa bomba la sindano la duka la dawa, na jerikeni ya mchanganyiko nimeifunga kitambaa chekundu shingoni.

Kitambaa hicho kina sababu. Siku moja kijana aliyekuwa ananisaidia alijaza tangi kutoka kwenye jerikeni ya pikipiki, petroli tupu. Msumeno uliwaka vizuri, tena kwa nguvu. Baada ya muda sauti ikapanda, ikawa kali na nyembamba, kisha ikakatika ghafla. Nikavuta kamba ya kuwashia, haikusogea hata inchi. Fundi alipofungua ekzosi alinimulikia kwa tochi ya simu nichungulie mwenyewe: pistoni ilikuwa na mikwaruzo mirefu ya wima upande mmoja, aluminiamu imeyeyuka na kuganda kwenye ukuta wa silinda. Kijana hakuwa na kosa, sikuwa nimemfundisha. Pistoni na silinda mpya pamoja na ufundi vilinigharimu karibu nusu ya bei ya mashine.

Kwa hiyo anayetaka wa petroli ajiulize: nani mwingine atagusa mashine hii nisipokuwepo? Kama jibu ni kijana yeyote aliye karibu, gharama hiyo aiweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Na kama utaukalisha miezi bila kuuwasha, mwaga nje mafuta yote yaliyomo kwenye tangi, kisha uwashe mpaka uzime wenyewe. Mchanganyiko uliolala muda mrefu huacha utando unaoziba kabureta.

Ule mdogo nilinunua Kampala, shilingi 240,000 pamoja na betri mbili, chaja na cheni ya akiba. Ubavuni mwa betri wameandika 48V kwa maandishi makubwa. Betri moja ilikufa baada ya miezi minane, nikaifungua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na seli tano za duara, kama betri za tochi ila ndefu kidogo, na kando yake nafasi ya seli nyingine tano imejazwa sponji. Seli ya lithiamu ya aina ile ina volti 3.6, ikijaa kabisa inafika 4.2. Ukiunganisha tano mfululizo unapata volti 21 zikiwa zimejaa. Arobaini na nane haifiki hata ukiichaji usiku kucha.

Nilichojifunza pale nakupa bure: dukani usisome ubavu wa betri, geuza chaja. Karatasi ndogo iliyobandikwa nyuma yake inataja volti inazotoa. Ikisema 21V, basi hiyo ni betri ya seli tano mfululizo, hata kama wameiandika 48 au 88. Si kwamba mashine haifai. Yangu inafanya kazi mpaka leo kwa betri iliyobaki. Ila usilipie volti ambazo hazimo.

Na hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha mipaka yake. Betri ya seli tano yenye uwezo wa ampea-saa 2 inabeba nishati ya karibu wati-saa 36. Lita moja ya petroli ina karibu 9,000. Injini ndogo hupoteza sehemu kubwa ya hizo kwa joto na moshi, lakini hata baada ya kupoteza, huwezi kuzilinganisha. Kwangu betri moja iliyojaa inanitosha kama dakika ishirini za kukata kwelikweli, na hizo kwenye kahawa ni nyingi, maana unakata sekunde tatu kisha unatembea kwenda mti mwingine. Kwenye gogo la mfenesi, dakika hizo huisha hujafika katikati.

Kwa unene, mimi nafuata kipimo cha theluthi mbili. Bamba la inchi 4 ni sentimita 10, basi nakata nalo mpaka sentimita 6 au 7. La inchi 6 linakwenda mpaka 10. Ukilazimisha zaidi ya hapo mota inapata moto, cheni inang'ang'ania ndani ya mti, na ndipo watu huanza kuukandamiza kwa nguvu. Kumbuka pia mingi ya midogo haina pampu ya oili ya cheni. Unadondosha matone mwenyewe kila baada ya muda. Ukisahau, bamba linabadilika rangi na kuwa la buluu, na hapo limeshaharibika.

Sasa niseme jambo ambalo naliogopa kuliko yote. Watu huuogopa msumeno mkubwa kwa sababu unanguruma, na woga huo huwalinda. Ule mdogo hauogopwi. Ni mwepesi, sauti yake ni kama blenda, unashikwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili unabaki hauna kazi. Kwa hiyo wa kulia unakata, wa kushoto unashika tawi. Ndivyo nilivyofanya mimi. Tawi lilikatika mapema kuliko nilivyotarajia, msumeno ukaendelea na safari yake, cheni ikapita juu ya kidole cha shahada cha kushoto. Nilikuwa nimevaa glavu za pamba. Cheni ilinasa nyuzi zake ikavuta kidole kuelekea kwake. Nilishonwa nyuzi saba, na mpaka leo nikikunja ngumi kidole hicho kinachelewa.

Tangu siku ile mkono wa kushoto una sheria yake: ama umeshika msumeno pamoja na wa kulia, ama uko mbali, angalau urefu wa mkono mzima kutoka kwenye cheni. Navaa glavu za ngozi, sivai za pamba. Kabla ya kubadilisha cheni au kuondoa tawi lililonasa, betri inatoka kwanza na kuingia mfukoni. Kwa mkubwa, la kuchunga zaidi ni ncha ya bamba, upande wa juu. Ikigusa kitu, msumeno wote unaruka nyuma kuelekea usoni. Breki ya cheni imewekwa kwa ajili hiyo. Kagua kama inafanya kazi kila asubuhi kabla ya kukata.

Kwa wenye kahawa kuna jingine, na hili ndilo lililoninyima usingizi baada ya mama yule kuondoka. Mnyauko wa kahawa ulionekana nchini mwetu mara ya kwanza mwaka 1993, kule Bundibugyo, na ukaangamiza mibuni ya robusta kwa mamilioni. Fangasi wake huingia kwenye mti kupitia jeraha. Panga lililokata mbuni mgonjwa likaenda kwa mzima linapeleka ugonjwa, na msumeno mdogo ni hatari zaidi kwa hilo, kwa sababu unapita kwenye miti mingi kwa saa moja na unga wa mti unajificha ndani ya kifuniko cha cheni. Mimi nikitoka mti mmoja kwenda mwingine nachomoa betri, nasugua cheni kwa mswaki wa zamani, napulizia spiriti na kusubiri ikauke. Kazi inachelewa. Sijali. Mbuni unaonyauka sikati matawi yake kabisa. Naung'oa wote na kuuchoma palepale uliposimama.

Kazi ambayo msumeno mdogo umenirahisishia kweli ni kuikata mibuni mizee ili ichipue upya. Naifanya Februari, kabla ya mvua za Machi. Nakata sentimita 30 kutoka ardhini, mkato wa mshazari ili maji yateremke yasituame juu ya kisiki. Panga lilikuwa linapasua kisiki, gome linachanika mpaka chini. Msumeno unaacha uso laini.

Miti mikubwa siku hizi naita mtu. Anakuja kwa bodaboda na msumeno wake, tunapatana bei kwa mti, ananiondolea presha ya kabureta. Kabla hajawasha namwonyesha mahali ambapo wazee waliwahi kupigilia misumari ya kuanikia nguo kwenye mwembe, maana msumari mmoja unamaliza meno ya cheni nzima. Na kama una mvule, usiuguse kabla ya kuongea na afisa misitu wa wilaya. Ukiruhusiwa, mwambie fundi aje na tupa na cheni ya pili: mvule huweka mawe ndani ya mwili wake, chokaa ngumu ambayo kwa nje huioni. Niliwahi kusimama karibu wakati cheni ilipokutana na jiwe hilo, cheche zikatoka katikati ya mti mbichi.

Jumamosi nitapita kwa jirani yangu na chupa ya spiriti na glavu ya ngozi ya mkono wa kushoto. Kwenye ukingo wa shamba lake nimeona mibuni mitatu ambayo majani yamekauka upande mmoja tu. Nitabandua gome kidogo karibu na ardhi, na kama kuna michirizi ya rangi ya buluu iliyokolea hadi nyeusi, tutaing'oa yote mitatu na kuichoma kabla hajawasha mashine yake mpya.