Taimlapsi kwa simu (picha nyingi zinazopigwa kwa kupishana muda, zikaunganishwa kuwa video fupi inayokimbia): maswali yenu wana Kigoma

Kaka, nataka jua likizama ziwani, nipige kila baada ya sekunde ngapi? (Ujiji)

Piga hesabu kwanza. Video inakula picha 25 kwa sekunde moja, kwa hiyo video ya sekunde 12 ni picha 300, ukipiga kila baada ya sekunde 10 unakaa hapo dakika 50. Huku kwetu jua linazama kwenye saa moja jioni, we tega mapema kidogo na likishazama usifungashe, rangi zenyewe kule juu ya milima ya Kongo zinakuja baadaye. Mawingu yanayokimbia weka sekunde 2 au 3.

Video inapepesa mwanga, simu mbovu?

Simu nzima, ila inapima mwanga upya kila mara. Bonyeza skrini ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge. Ila machweo usifunge, utaishia na giza tupu.

Mimi nauza dagaa Kibirizi, hii kitu itanisaidia nini?

Dada yangu wewe ndo unaifaidi kuliko hao wa machweo (machweo tumeshayaona jamani)! Tega simu juu ya kichanja asubuhi dagaa wakiwa bado wabichi wanang'aa, picha moja kila dakika kwa saa 8 unapata 480, yani sekunde 19 tu, na mteja wako wa Dar anaona wanavyosinyaa, kivuli kinavyotembea, mikono inapita fasta kuwageuza, na anaona mwenyewe kwamba hawajagusa mchanga, hapo huna haja ya kuapa. Simu ifunike na boksi, lensi tu ndo ichungulie, maana ikipigwa jua inachemka inajizima. Chomeka pawabenki, weka simu kwenye flight mode asije mtu akapiga katikati.

Taa za wavuvi usiku zinatoka?

Zinatoka vizuri tu, ila nenda siku za giza, mbalamwezi ikiwa kali wengi hawaingii ziwani. Ingia mode ya pro (ile ya kamera unayopanga mwenyewe), shata, yani muda lensi inavyopokea mwanga, sekunde 4, picha kila sekunde 6, simu kwenye stendi nzito nchi kavu. Mitumbwi ikisogea taa zinachora mistari juu ya maji.

Nikiwa ndani ya boti je?

Ukishika mkononi ni kichefuchefu tu. Ifunge kwenye boti yenyewe na kichwa cha boti kionekane kwenye fremu, jicho lipate kitu kilichotulia, mawimbi yaruke yatakavyo.